Nembo ya Mafunzo Haiazimwi

Kila msimu wa kaskazi, wageni wakianza kumiminika Lamu, napigiwa simu ileile. Shirika la hisani limepata daktari bingwa kutoka ng'ambo, atakuwa Shela wiki moja na yuko tayari kufundisha asubuhi mbili. Ukumbi upo, chai na mahamri yameagizwa. "Sasa mtuwekee nembo yenu kwenye cheti, watu wapate pointi za kuhuisha leseni."

Hapana. Nimelijibu ombi hili mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa maandishi.

Watu wameshika kwamba pointi zimo ndani ya nembo. Hazimo. Pointi ni dhamana. Taasisi iliyopewa ithibati na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ikitoa pointi inaliambia baraza: sisi ndio tuliochunguza wahudumu wa afya wamepungukiwa na nini, tukachagua mada na mwalimu, tukakagua slaidi, tunajua nani kalipa na nani alikaa mpaka mwisho. Aliyeletewa cheti atie nembo siku mbili kabla ya kikao hawezi kulisema hata moja kati ya hayo. Akilisema, ameongopa kwa maandishi. Daktari anahitaji pointi 50 kwa mwaka ili leseni yake ihuishwe, na mgonjwa anayelala mbele yake anaamini kwamba nyuma ya pointi hizo kuna mafunzo ya kweli.

Huambiwa, "Lakini mwalimu ni profesa." Uprofesa wake haukagui slaidi zake. "Lakini hawa ni watu wa hisani, hawauzi kitu." Huenda. Je, aliyewapa fedha anauza nini?

Niliwahi kuketi nyuma katika kikao cha kisukari. Slaidi baada ya slaidi, kipimo cha sukari kilichoonyeshwa kilikuwa cha kampuni moja tu. Muuguzi aliyetoka Kizingitini kwa mashua ya alfajiri aliandika jina la vijiti vya kipimo hicho daftarini, akalipigia mstari mara mbili. Kituoni kwake vijiti hivyo havikuwepo, wala dukani. Nembo iliyokuwa juu ya cheti chake ilikuwa ya taasisi ambayo haikutuma hata mtu mmoja ukumbini. Na pointi zenyewe zilikuwa za madaktari! Yeye yuko chini ya Baraza la Wauguzi. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, wafamasia wana bodi yao. Huku visiwani, ambako mgonjwa huonwa kwanza na muuguzi au afisa wa kliniki, kusahau jambo hilo ni kuwasahau wenye kazi.

Wala msidhani huu ni ukali wa Kenya. Marekani, ACCME, chombo kinachowapa ithibati watoa mafunzo ya madaktari, kinaruhusu kushirikiana na shirika lisilo na ithibati, lakini jukumu lote humwangukia mwenye ithibati. Kanuni zake zilizoanza kutumika Januari 2022 zinaikataza kampuni ambayo kazi yake kuu ni kutengeneza au kuuza bidhaa za kutibia wagonjwa isiwe mshirika kabisa. Kampuni hiyo yaweza kutoa fedha kwa mkataba wa maandishi, ikome hapo: isichague mada, isichague msemaji.

Basi fanyeni hivi. Mtafuteni mwenye ithibati mapema, kabla mada haijachaguliwa. Andikianeni mkataba: nani anafanya lipi, fedha zinapita wapi. Kila msemaji aseme kwa maandishi kampuni gani zimemlipa. Ombi la pointi litangulie kikao, kwa kila baraza ambalo watu wake wataalikwa. Sahihi za mahudhurio zichukuliwe wakiingia na wakitoka. Mkiwa na nia ya kurudi kila mwaka, ombeni ithibati yenu wenyewe. Mkiwa na mgeni wa siku moja, iulizeni hospitali kama atapewa nafasi katika mafunzo endelevu yake ya kawaida (CME), chini ya usimamizi wake.

Na kama kikao ni wiki ijayo na hamjazungumza na yeyote, kifanyeni bila pointi. Kufundisha hakukatazwi. Andikeni tu kwenye tangazo, kwa herufi zinazosomeka, kwamba pointi hakuna, ili yule wa Kizingitini ajue kabla hajalipa nauli ya mashua.