Maneno ya bahari yauzwa Mukuru kwa Njenga

Bahari ya Nairobi iko wapi? Mji ule umekaa juu bara, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, na mito yake haipitishi hata kihori. Hata hivyo, ukitaka kuyasikia maneno ya manahodha yakitamkwa kutwa kucha, si lazima ushuke Bandari ya Kale. Nenda Mukuru kwa Njenga, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, usimame mbele ya kibanda cha simu. Hapo utasikia watu wakiokoa jahazi, wakitafuta shwari na kufuliza, ilhali wengi wao hawajapata kuona tanga likitwekwa.

Mukuru kwa Kikuyu ni bonde. Mukuru kwa Njenga ni mtaa wa mabati uliobanwa baina ya reli, viwanda na majumba ya Pipeline na Imara Daima. Wakaazi wake wengi ni vibarua wa viwandani na wa mijengo. Mwaka 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mipango maalumu, watu wakatumaini maji na njia nzuri. Mwaka 2021, mnamo Oktoba na Novemba, matingatinga yakaja kupasua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Katika mtaa wa namna hiyo, nambari ya simu hudumu kuliko anwani ya nyumba. Nyumba yaweza kuondoka asubuhi moja. Nambari hubaki mfukoni.

Ndiyo maana vibanda vya simu vimejaa huko. Kibanda chenyewe hakina makuu: upana wa milango miwili, rangi ya kijani au nyekundu kwa mujibu wa kampuni, na kabati la kioo lenye chaja, visikizio na laini. Ziko simu za bei kubwa, na ziko zile ndogo za vibonye ambazo watu wa Nairobi huziita kabambe. Zile zenye tochi waliziita mulika mwizi, na mimi niliyezoea kuhesabu mizani sioni haya kusema kwamba jina hilo lingemfaa malenga yeyote. Mwenye kibanda ndiye muuzaji, ndiye wakala wa M-Pesa, na aghalabu ndiye fundi.

Bati na handaki

Nilipofika huko nilijaribu kupiga simu nyumbani nikiwa ndani ya kibanda kimoja, sauti ikakatika. Binti aliyekuwa akiuza akaniambia, "Mzee, simama hapo mlangoni. Ndani mtandao unapotea." Nikamwitikia, "Ahsante, mwanangu," nikasogea hatua mbili, na sauti ikarudi.

Hakuna uchawi hapo. Sauti ya simu husafiri kwa mawimbi, na mawimbi hayo hayapiti kwenye chuma. Bati huyarudisha kama ukuta wa pwani urudishavyo maji. Nyumba iliyoezekwa bati na kuzungushiwa bati humwachia mtu mwanya wa mlango na dirisha tu, hata kama mnara wa simu hauko mbali.

Jambo hili limewasumbua hata matajiri. London ina reli ya chini ya ardhi tangu mwaka 1863, ya kwanza duniani, na kwa miaka mingi simu ya abiria ilikuwa ikifa mara gari lilipoingia handakini. Ilikuwa Machi 2020 ndipo mtandao wa 4G ulipowashwa katika sehemu ya njia iitwayo Jubilee, baina ya Westminster na Canning Town. Walitandaza ndani ya handaki kebo maalumu inayovujisha mawimbi kidogo kidogo njia nzima. Mukuru hakuna handaki. Watu wako juu ya ardhi, chini ya jua la Mola, lakini bati limewafanyia handaki, na hakuna aliyewatandazia kebo. Dawa yao ni kusimama mlangoni. Abiria wa London akikatikiwa, hungoja kituo kifuatacho. Kibarua wa Mukuru akikosa simu ya alfajiri ya kumwita kazini, huenda amekosa chakula cha siku ile.

Yalikotoka maneno

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana hayakupanda bara kwa bahati nasibu. Simu ni neno la Kiajemi, sim, yaani waya. Lilikuwa kwetu kabla ya simu ya kuzungumza: mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Mnara ni neno la Kiarabu, nasi twalijua kwa misikiti yetu, kabla ya kampuni za simu kusimamisha minara ya vyuma. Pesa ilitoka Bara Hindi pamoja na biashara za majahazi. Hata mawimbi yanayopotea ndani ya bati ni neno la maji.

Wala si maneno peke yake. Mwaka 2009 kebo mbili kubwa za mawasiliano, Seacom na TEAMS, zilifikishwa Mombasa kupitia baharini. TEAMS inatoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na njia yake yafanana na ile waliyoishika wazee wetu waliposhuka na kaskazi. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali isiporuhusiwa, nanga ikaikata kebo hiyo, na mtandao ukazorota Kenya na nchi jirani. Naam, nanga imedondoka Mombasa, na bara wakawa wanatazama simu zao hazifungui kitu. Basi bahari ya Nairobi ipo. Imepita chini ya miguu yao.

Jahazi la nani?

Ninalotaka tulipime pamoja, msomaji, ni jinsi maneno haya yanavyouzwa.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na manufaa yake hayafichiki. Kibarua wa Mukuru humpelekea mamake fedha kijijini bila kumkabidhi utingo wa basi bahasha. Kabla yake lilikwisha zoeleka neno sambaza, mtu kumgawia mwenziwe salio la simu. Hilo ni neno jema, na kazi yake yalingana na jina lake.

Lakini tazama Okoa Jahazi. Mtu akiishiwa na salio hukopeshwa na kampuni, na asilimia 10 hukatwa papo hapo: akiomba shilingi 100 hupata 90, kisha hulipa 100. Ikaja M-Shwari, Novemba 2012, akiba na mkopo ndani ya simu. Aliyekopa kwa siku 30 alitozwa asilimia 7.5. Ikaja Fuliza, Januari 2019, inayomkamilishia mtu malipo pale fedha zake zinapopungua, kwa ada ambayo huongezeka kwa siku. Tangu 2020 hata simu yenyewe hukopeshwa, kwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanza kwa shilingi 20 kila siku; asiyelipa, simu yake hufungwa kwa mbali ikawa kipande cha kioo.

Sisi watu wa pwani twajua jahazi huokolewa vipi. Bahari ikichafuka na chombo kikilemewa, shehena hutupwa majini ili roho zipone. Kisha huja swali: hasara ni ya nani? Sheria za bahari za tangu kale husema kwamba hasara ya mali iliyotoswa kwa ajili ya wote hubebwa na wote, wenye chombo na wenye shehena, kila mmoja kwa fungu lake. Wanazuoni wa fiqhi nao waliliandikia suala hilo, wakajadili namna ya kugawa. Kuokoa jahazi, kwa hiyo, ni kushirikiana katika hasara. Katika kibanda cha Mukuru, anayezama ndiye anayelipa, na aliyemtupia kamba ndiye anayepata faida.

Na shwari je? Shwari ni bahari iliyotulia. Mtu mwenye deni la siku thelathini hana shwari, ana kusi mbele yake. Ama kufuliza, twasema mvua imefuliza inaponyesha bila kukatika. Na deni la kila siku, kwa kweli, halikuwa na jina la haki kuliko hilo.

Mimi si mufti, na hukumu ya ada hizi, ipi ni ujira na ipi ni riba, nawaachia wenye elimu yake. Najua tu kwamba swali hili si la pwani peke yake, maana Waislamu wako Mukuru pia. Mwaka 2022 Gulf African Bank na Safaricom walitoa Halal Pesa, mpango uliotangazwa kuwa unafuata Sharia. Ni dalili kwamba waliouliza walisikiwa. Wala simlaumu yule binti wa kibandani. Yeye hula kwa kamisheni, na mkopo hauombwi kwake, huombwa kwa kidole cha mtu mwenyewe, usiku, akiwa amesimama mlangoni.

Ninalodai ni la lugha. Aliyechagua majina haya aliijua nguvu yake: neno la baharini humpa mtu imani, kwa sababu baharini watu huokoana. Haifai imani hiyo iazimwe kuuzia deni, halafu ada iandikwe kwa herufi ndogo. Jina na ada viandikwe kwa herufi za ukubwa mmoja. Nasi tulio na jamaa zetu Nairobi, na ni wachache wasio nao, tuwaelezee watoto wetu waliokwenda kutafuta huko maana ya maneno waliyoyaacha nyumbani. Kabla hajabofya kuokoa jahazi, kijana na ajiulize kwanza nani mwenye jahazi, na hasara itagawanywa vipi.