Ngano ndani ya mafuta ya kupaka: maelezo kwa wazazi

Mama mmoja wa parokia yetu, ambaye sasa anaishi Marekani na watoto wake, alituandikia kabla ya kusafiri kuja Uvira kwa likizo. Binti yake wa miaka 9 ana ugonjwa wa siliaki. Mtoto huyo hali mkate, hali mandazi, hali makaroni. Lakini mama hakuuliza habari ya chakula, kwa maana anajua kwamba bugali wa muhogo au mahindi, wali, ndizi na maharagi havimdhuru. Aliuliza kama atapata huku mafuta ya nywele, mafuta ya ngozi na kremu ya jua visivyo na gluteni. Tukiri, wapendwa: wengine kati yetu tulicheka. Nani anakula mafuta ya kupaka?

Tulipochunguza tuliacha kucheka.

Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa mkate uvutike. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika tumboni, kinga ya mwili inaanza kushambulia utumbo wake mwenyewe, na chakula hakiingii vizuri mwilini. Mtoto anaharisha, tumbo linavimba, hakui, damu inapungua. Kwetu dalili hizo tunaziita haraka minyoo au utapiamlo, na mara nyingi ni hivyo kweli. Kama muganga anashuku siliaki, msimwondolee mtoto mkate kabla ya kipimo cha damu, kwa sababu kipimo kinaweza kudanganya.

Sasa ngozi. Gluteni ni kubwa mno, haipiti ngozi nzima na kufika tumboni. Kwa hiyo mwenye siliaki akipakwa mafuta yenye ngano mgongoni au miguuni, utumbo wake hauguswi. Kuna hata upele wa siliaki wenyewe, wenye malengelenge na mwasho mkali kwenye viwiko, magoti na matako. Watu wanabadilisha sabuni baada ya sabuni, kumbe upele unatoka kwa mkate walioula.

Hatari iko mdomoni. Rangi ya mdomo inalambwa. Mafuta ya midomo na kremu ya jua ya midomo, hivyo hivyo. Dawa ya meno mtoto anaimeza. Na kuna jambo ambalo maelezo ya Ulaya hayalitaji sana, lakini kwetu ndilo kubwa: sisi tunakula kwa mikono. Mama anasuka nywele, vidole vimejaa mafuta, mtu anamwita mezani, anafuta mikono kwenye kitenge na kumega bugali wa mtoto. Mtoto naye amepakwa mikono asubuhi, na ananyonya kidole.

Kuna pia watu wa aina nyingine, wenye mzio wa ngano. Hao wanaweza kudhurika kupitia ngozi yenyewe. Huko Japani sabuni moja ya uso ilitiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa, na watu zaidi ya 2,000 waliopata mzio wa ngano walihusishwa nayo. Walikuwa wanaosha uso tu, na baadaye mkate ukawageukia. Sabuni hiyo ilirudishwa kiwandani mwaka wa 2011.

Je, tutajuaje kilicho ndani ya chupa? Maneno “sans gluten” ni nadra kuyaona kwenye mafuta. Hata Marekani, sheria ya mwaka 2013 juu ya maneno hayo inahusu chakula, haihusu vipodozi. Basi geuza chupa usome orodha ya maandishi madogo. Ngano inaandikwa kwa Kilatini Triticum, shayiri ni Hordeum, rai ni Secale. Kwa Kifaransa utaona blé, orge au seigle. Avena ni oti. Yenyewe si ngano, lakini mara nyingi inachanganyika nayo shambani na kiwandani, heri kuiacha. Vitamini E, inayoandikwa Tocopherol, pengine inatoka kwenye kiini cha ngano, pengine kwenye soya, na orodha haisemi. Kwa mguu si kitu. Kwa mdomo, chagua nyingine.

Shida yetu ya soko ni kwamba mafuta mengi yanapimwa kutoka kwenye bidoni na kutiwa katika chupa kuukuu. Karatasi iliyo juu haisemi kilicho ndani. Na kremu za kung'arisha ngozi tusizitaje katika habari hii hata kidogo: kati yake ziko zenye zebaki, na hiyo ni mbaya kuliko ngano kwa kila mtu.

Kitu chepesi zaidi ni kile chenye jina moja tu. Vazelini tupu. Glisirini tupu. Mafuta ya nazi, mafuta ya nyonyo, au mafuta ya mise yaliyokamuliwa nyumbani. Kwa jua, kofia pana na mikono mirefu hazina gluteni kabisa. Hata hivyo ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kremu pia, yenye namba 30 au zaidi, na kuipaka tena kila saa mbili wakiwa nje. Kama hakuna nyingine dukani ila yenye Triticum, na mtu hana siliaki wala mzio wa ngano, aipake bila hofu. Kansa ya ngozi haingoji.

Yule mama alifika na dawa ya meno na kremu ya jua kutoka kwake. Nywele za binti zilisukwa na nyanya yake kwa mafuta ya mise. Mara moja tu ilibidi mama aseme: siku ile nyanya alikuwa amekanda mandazi ya kuuza tangu alfajiri, akamwita mjukuu aje asukwe. Aliombwa kwanza anawe mikono kwa sabuni hadi kwenye kucha. Alinung'unika kidogo, akanawa.