Mwana Hiti na Daftari la Makumbusho

Mwana hiti ni sanamu ndogo ya mti yenye kiwiliwili cha mviringo, matiti mawili na kishungi kichwani, bila mikono wala miguu. Waluguru, Wakwere na Wazaramo walimkabidhi mwali wakati akiwa ndani, amtunze kama mtoto. Leo sanamu hizo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na lebo nyingi husema tu "Zaramo", au "Zaramo au Kwere". Kama sanamu ilichongwa Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, lebo ya namna hiyo haitamwambia msomaji.

Makumbusho hupata vitu kwa kununua, kupewa, kubadilishana, kuchimba au kutuma watafiti vijijini. Enzi za ukoloni njia hazikuwa safi hivyo. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vilivyokusanywa katika safari zilizogharamiwa na dola vipelekwe kwanza Berlin, na vingine viliporwa vitani. Tanganyika yenyewe ilifungua makumbusho yake Dar es Salaam mwaka 1940; Kijiji cha Makumbusho kikafuata mwaka 1966.

Kitu kikishapokelewa, kazi ya kwanza ni kukipa namba. Mtindo uliozoeleka ni kama 1974.12.3: mwaka wa kupokelewa, mkupuo wa kumi na mbili wa mwaka huo, kitu cha tatu katika mkupuo. Kwa sanamu ya mti, mtunzaji hupaka vanishi kidogo mahali pasipoonekana, mara nyingi chini ya kitako, huandika namba kwa wino juu yake, kisha hupaka vanishi tena. Namba haigusi mti, na inaweza kufutwa bila kuacha alama. Hapo ndipo daftari linapojazwa: vipimo, aina ya mti, nyufa, matundu ya wadudu, picha, jina la aliyekitoa na namna kilivyopatikana.

Vipimo vinaweza kuchukuliwa hata baada ya miaka mia. Kijiji, fundi na ukoo visipoandikwa siku ile, basi tena. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, kuandika "Morogoro" peke yake ni uzembe.

Maktaba za sanaa zina mtihani wao. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu, kitabu kuhusu mwana hiti kinaweza kuwekwa 730, penye uchongaji, au 392, penye mila za unyago na ndoa. Rafu ni moja tu, kwa hiyo mkutubi mzuri huongeza vichwa vya mada ili anayetafuta mila na anayetafuta uchongaji wote wakifikie.

Daftari pia ni ushahidi. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika makumbusho ya Dar es Salaam mwaka 1984 kilionekana baadaye Geneva, kwenye Makumbusho ya Barbier-Mueller, na kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Dai la namna hiyo halisimami bila rekodi ya kuonyesha kitu kilikuwa cha nani.

Anayetaka kuyakabidhi makumbusho kitu cha ukoo wake na adai hati iliyosainiwa yenye namba ya kitu hicho, na ahakikishe jina la kijiji limeandikwa sawasawa kabla hajaondoka.