Fahamu: Mlango wa Hormuz na bei ya mafuta yako

Kati ya Iran na rasi ya Musandam ya Oman kuna Mlango wa Hormuz, mlango wa bahari ambao sehemu yake nyembamba kabisa ina upana wa kilomita 33 hivi. Njia yenyewe ya meli ni finyu zaidi: takriban kilomita 3 za kuingia na 3 za kutoka.

Mwaka 2024, mapipa yapatayo milioni 20 ya mafuta yalipita hapo kila siku, yaani karibu moja ya tano ya matumizi ya dunia nzima. Gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, nyingi ikitoka Qatar, nayo ilifikia moja ya tano ya biashara ya dunia. Sehemu kubwa ya shehena hizo huelekea Asia.

Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zina mabomba ya kuukwepa mlango huo, lakini hayawezi kubeba kiasi chote. Qatar haina bomba la namna hiyo.

Sisi wa Kenya na nchi jirani tunaguswa moja kwa moja. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilisimama mwaka 2013, hivyo mafuta huagizwa yakiwa tayari yamesafishwa, na tangu 2023 Kenya hununua mafuta kwa mkopo kutoka kampuni za serikali za Ghuba. Vita vikinukia huko, bima ya meli hupanda kabla hata risasi haijafyatuliwa, na gharama hiyo humfikia mwenye bodaboda na mkulima mwenye pampu. Serikali zetu zijenge akiba ya mafuta sasa, wakati meli bado zinafika.