Namba za Matoleo ya Programu Huria: Kiasi, Jina au Ahadi?

1.0 Utangulizi

Vitshumbi ni mojawapo ya vijiji vitatu vya wavuvi vilivyokubaliwa kisheria kwenye upande wa Kongo wa Ziwa Edward. Viwili vingine ni Kyavinyonge na Nyakakoma. Kwa kuwa uvuvi huo unafanyika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, idadi ya mitumbwi iliwekewa mipaka, na mtumbwi wenye kibali ukapewa namba ya kuutambulisha. Namba hiyo si kiasi. Mtumbwi namba 40 si mkubwa mara mbili kuliko mtumbwi namba 20. Tena namba hiyo haibadiliki: mwenyewe akiung'oa ubao uliooza na kutia mpya, mtumbwi hubaki na namba yake ileile.

Programu za kompyuta nazo huandikwa namba zisizokuwa kiasi, lakini kanuni yake ni kinyume cha ile ya mtumbwi: ubao mmoja ukibadilishwa, namba hubadilishwa pia. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi namba hizo zinavyoundwa na kusomwa, hasa katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Tutajaribu kuonyesha kwamba namba ya toleo ni ahadi baina ya watungaji na watumiaji, na kwamba madhara ya kuipuuza huweza kumfikia hata mtu asiyegusa kompyuta.

2.0 Chapa na toleo

Msomaji wa taarifa hii amekwisha kuzoea tofauti inayofanana na hiyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Toleo la pili lilitoka 2004, na la tatu 2013. Kitabu kikipigwa chapa upya bila kuguswa, tunasema ni chapa nyingine. Kikipitiwa na kuongezwa maneno, tunasema ni toleo jingine. Mwanafunzi anayenukuu ukurasa wa kamusi bila kutaja toleo humpotosha msomaji wake, kwani ukurasa huo huweza kuwa na maneno mengine katika toleo jingine.

Kwa programu huria haja hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, nakala huenea bila kupitia mlango mmoja, na matoleo ya zamani huendelea kutumika sambamba na mapya. Pili, programu moja hujengwa juu ya nyingine. Ya chini ikibadilika, ya juu huweza kuanguka. Ndiyo maana mtu akieleza hitilafu, swali la kwanza analoulizwa ni: "Unatumia toleo lipi?"

3.0 Mifumo mikuu

3.1 Namba zenye maana

Mfumo ulioenea sana una tarakimu za ngazi tatu, kwa mfano 2.4.1. Ngazi ya tatu huongezwa makosa yanaposahihishwa tu. Ya pili huongezwa panapotiwa uwezo mpya usioharibu uliokuwepo. Ya kwanza huongezwa pale mabadiliko yanapovunja makubaliano ya awali, hata kazi iliyotegemea toleo la zamani ikahitaji kurekebishwa. Kanuni hizi ziliandikwa na Tom Preston-Werner, na mwongozo wake wenyewe ulifikia toleo la 2.0.0 mwaka 2013.

Mfano mashuhuri wa mabadiliko ya ngazi ya kwanza ni lugha ya kutungia programu iitwayo Python. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na programu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 2 hazikuweza kufanya kazi humo bila kurekebishwa. Toleo la 2 liliendelea kutunzwa sambamba na jipya hadi mwanzo wa mwaka 2020. Tarakimu moja ilikuwa imetangaza hama iliyochukua zaidi ya miaka kumi.

Hapa kuna jambo la kusisitiza. Nukta iliyomo katika namba ya toleo si nukta ya desimali. Katika hesabu 2.10 ni ndogo kuliko 2.9, lakini katika matoleo 2.10 huja baada ya 2.9. Kwa hiyo isomwe "mbili nukta kumi", wala si "mbili nukta moja sifuri". Wasomaji wa makala za kitaaluma hawapaswi kushangaa: sehemu zetu wenyewe tunazipanga hivyohivyo, na hakuna anayeitafuta sehemu ya 2.10 kabla ya 2.9.

3.2 Namba za kalenda

Mfumo wa pili hutaja wakati. Ubuntu, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, na ambao jina lake ni ndugu wa neno letu "utu", ulitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa namba 4.10, yaani mwaka na mwezi. Toleo lililotarajiwa Aprili 2006 lilichelewa hadi Juni. Basi likaitwa 6.06 badala ya 6.04. Namba hiyo ilikiri ucheleweshaji hadharani. Lakini namba ya kalenda, pamoja na unyofu wake, haimwambii mtumiaji kama kazi yake ya jana itaendelea kufanya kazi leo.

3.3 Namba zilizogeuka majina

Mara nyingine maana hufifia. Kiini cha Linux kilitoka 2.6.39 hadi 3.0 mwezi Julai 2011. Linus Torvalds alieleza wazi kwamba hapakuwa na mageuzi makubwa. Namba zilikuwa zimerefuka mno, na Linux ilikuwa ikitimiza miaka 20. Katika DHIS2, programu huria ya takwimu za afya iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa Kongo, Kenya na Tanzania, tarakimu 2 imemezwa na jina lenyewe: toleo lililoandikwa 2.40 limezoeleka kuitwa toleo la 40. Mwanaisimu atalitambua jambo hili mara moja: kipashio kilichokuwa na maana yake kimeganda ndani ya neno.

4.0 Samaki au kilo?

Tuuchukue mfano wa kubuni, turudi Vitshumbi. Wanafunzi wawili wanaandika mavuno ya samaki ufuoni kwa simu, wakitumia ODK, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Fomu ya kwanza inauliza idadi ya samaki. Baada ya wiki moja msimamizi anaibadilisha ili iulize uzito kwa kilo. Simu moja inapokea fomu mpya. Ya pili inabaki na ya zamani. Jioni zote mbili zinaleta "60". Je, ni samaki 60 au kilo 60?

Kama fomu zilipewa namba za toleo, jibu linapatikana. Desturi inayopendekezwa katika ODK ni tarakimu kumi: mwaka, mwezi, siku, kisha tarakimu mbili za mfululizo. Hivyo 2023051501 ni fomu ya kwanza ya tarehe 15 Mei 2023. Kama namba hazikutofautishwa, hesabu imeharibika, na hakuna mtaalamu awezaye kuitengeneza baadaye. Ikiwa muda wa kufunga uvuvi utaamuliwa kwa hesabu hiyo, atakayelala njaa ni mvuvi.

5.0 Istilahi

Neno "toleo" limetokana na kitenzi "toa" katika kauli yake ya kutendea, "tolea", kwa kiambishi tamati -o. Kwa waumini wengi wa Goma, "matoleo" ni kwanza sadaka za kanisani. Maana hizo mbili hazigombani: zote ni kitu kilichotolewa mbele ya watu. Kwa ngazi tatu zilizotajwa hapo juu tunapendekeza "toleo kuu", "toleo dogo" na "kiraka". Neno hili la mwisho lafaa sana, kwani kiraka huziba tundu bila kuligeuza vazi. Toleo lisilokamilika liitwe "toleo la majaribio".

6.0 Hitimisho

Namba ya mtumbwi hujibu swali: huu ni wa nani? Namba ya toleo hujibu: huu uko katika hali gani, na je, bado ni ule nilioutegemea jana? Kwa kuwa namba ya pili ni ahadi, yaweza kuvunjwa: mtungaji huweza kukiita kiraka kitu ambacho kwa kweli ni vazi jipya. Hata hivyo, ahadi iliyoandikwa humpa mtumiaji haki ya kudai. Kwa hiyo tunawasihi wenzetu wanaokusanya data za lugha, za afya au za uvuvi waitaje daima, pamoja na jina la programu, namba ya toleo la programu na la fomu waliyoitumia, kama vile tunavyotaja toleo la kamusi.