Kukosa Mtoto: Nendeni Hospitali Wote Wawili



Mara nyingi tunamwona mama aliyetoka Newala alfajiri, akateremka hadi Masasi, akapanda gari jingine mpaka Ndanda kutafuta hospitali. Ana miaka minne katika ndoa, mtoto hana. Kwenye mkoba amefunga mizizi ya mganga. Tukimwuliza mume yuko wapi, hujibu: "Amebaki nyumbani. Yeye hana tatizo." Amejuaje, naye hajapimwa?

Ugumba ni nini?

Mume na mke wakikutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane, huo ndio ugumba. Wengine hukosa tangu mwanzo. Wengine huzaa mtoto mmoja, kisha basi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hupatwa na shida hii wakati fulani maishani. Basi tusitafute mchawi.

Sababu zake

Kwa mwanamke, sababu kubwa katika Afrika ni mirija ya uzazi kuziba kutokana na maambukizo. Kisonono na klamidia huharibu mirija polepole, na klamidia mara nyingi haionyeshi dalili yoyote. Maambukizo baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika huleta madhara hayo hayo. Sababu nyingine ni yai kutopevuka, uvimbe katika mji wa mimba, kifua kikuu cha viungo vya uzazi, na umri kusogea.

Kwa mwanaume, mbegu huweza kuwa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Huenda kisonono cha ujanani kiliziba njia, au matubwitubwi yaliyompata baada ya kubalehe yalidhuru korodani. Sigara na pombe kali, kama nipa yetu, hupunguza mbegu. Mwenye busha naye amwone daktari. Akina baba, sikieni vizuri: mtu aweza kuwa na nguvu zote za tendo la ndoa, na bado manii yake yasiwe na mbegu.

Kupimwa

Daktari atawauliza habari za hedhi, magonjwa ya zamani na dawa mnazotumia. Kipimo cha manii ni rahisi, nacho kifanyike mapema, kabla mama hajapelekwa kwenye vipimo vizito. Mume ajizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kupimwa. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa. Mke huangaliwa kama yai linapevuka, na picha ya eksirei yenye dawa maalumu huonyesha kama mirija iko wazi. Wote wawili wapimwe kaswende na virusi vya Ukimwi. Mama aliyefika miaka 35 asingoje mwaka. Miezi 6 yatosha.

Matibabu

La kwanza halina bei: kuzijua siku za rutuba. Kwa hedhi inayorudi kila siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Ute telezi unaovutika kama ute wa yai bichi ndio ishara. Kutaneni siku hizo.

Ugonjwa wa zinaa ukionekana, watibiwe wote wawili, la sivyo wataambukizana upya. Zipo dawa za kusaidia yai kupevuka, lakini msizinunue dukani bila daktari. Mirija iliyoziba huweza kufanyiwa upasuaji, ingawa si mara zote hufanikiwa. Kutungisha mimba nje ya mwili, njia iliyomleta Louise Brown huko Uingereza mwaka 1978, Kanisa haliikubali, kama lilivyoeleza katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987.

Maneno ya ukoo

Kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa mila mtoto huhesabiwa upande wa mama, na wajomba humngoja kwa hamu. Wakichoka kungoja, wapo wanaomnong'oneza mke "ajaribu" kwingine, na rafiki za mume humshauri vivyo hivyo. Ushauri huo huwarudisha kwenye chanzo: magonjwa yale yale yanayoziba mirija, na Ukimwi juu yake.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba ugumba haubatilishi ndoa. Elkana hakumfukuza Ana alipokuwa hana mtoto. Na wanaotaka kulea mtoto asiye na wazazi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewafungulia njia ya kuasili. Waanzie ofisi ya ustawi wa jamii.

Mkiuza korosho msimu huu, tengeni nauli ya watu wawili. Baba, usimwache mama ateremke peke yake.