Free Jazz (albamu)

Free Jazz: A Collective Improvisation ni albamu ya mpiga saksofoni Mmarekani Ornette Coleman. Ilirekodiwa jijini New York tarehe 21 Desemba 1960 na kutolewa na kampuni ya Atlantic mnamo Septemba 1961. Ina kipande kimoja tu cha muziki, chenye urefu wa dakika 37 hivi, kilichopigwa na wanamuziki wanane waliogawanywa katika makundi mawili ya watu wannewanne. Jina la albamu hii ndilo lililokuja kutumika kwa mtindo mzima unaoitwa jazi huru.

Albamu inajulikana pia kwa mabishano iliyoyazua. Mnamo Januari 1962 jarida la DownBeat, lililokuwa likisomwa sana na wapenzi wa jazi nchini Marekani, liliwapa wahakiki wawili kazi ya kuihakiki katika toleo moja. Mmoja aliipa nyota tano, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa. Mwingine hakuipa hata nyota moja. Wasikilizaji wameendelea kugawanyika hivyohivyo hadi leo, tena mara nyingi kwa hoja zilezile.

Neno "jazi"

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuchanganyikiwa na neno hili. Bendi kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Shirati Jazz, au OK Jazz ya Kongo, zilikuwa bendi za muziki wa dansi, wa magitaa na rumba. Katika majina hayo "jazz" ilimaanisha bendi ya kisasa yenye ala za kigeni. Jazi inayozungumziwa hapa ni muziki wa Wamarekani Weusi ulioanzia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambao kiini chake ni mwanamuziki kutunga papo hapo anapopiga.

Coleman kabla ya albamu

Coleman alizaliwa Fort Worth, Texas, tarehe 9 Machi 1930. Alianza kwa kupiga muziki wa bluzi na dansi katika bendi za mkoa wake. Miaka ya 1950 aliishi Los Angeles, ambako kwa muda alifanya kazi ya kuendesha lifti dukani huku akijisomea nadharia ya muziki. Alipiga saksofoni ya plastiki, kwa kuwa hakumudu bei ya saksofoni mpya ya chuma. Baadaye aliipenda sauti yake, nayo ikawa alama yake.

Ili kuelewa kwa nini aliwaudhi watu, ni lazima kujua alichokiacha. Katika jazi ya wakati ule, mpigaji alibuni juu ya mfuatano wa akodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, uliopangwa tangu mwanzo na kurudiwa mpaka mwisho wa wimbo. Msikilizaji mzoefu aliufuata mfuatano huo kichwani na kupima ustadi wa mpigaji kwa jinsi alivyoupitia. Coleman aliuondoa. Wimbo wake ulikuwa na kiitikio kilichoandikwa, kisha mpigaji aliongozwa na sauti ya kiitikio hicho na kwa kuwasikiliza wenzake, bila njia iliyochorwa. Kipimo ambacho wasikilizaji walikizoea kikawa hakifai tena, na wengi walidhani kwamba asiyepimika hajui kupiga.

Tarehe 17 Novemba 1959 Coleman na kundi lake la watu wanne walianza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York. Mkataba ulikuwa wa wiki mbili, lakini waliendelea kwa zaidi ya miezi miwili kwa sababu watu walizidi kumiminika, baadhi kwa mapenzi na baadhi kwa udadisi tu. Mtunzi na kiongozi wa okestra Leonard Bernstein alimsifu. John Lewis wa Modern Jazz Quartet alikuwa amekwisha kumsaidia kupata nafasi. Upande wa pili, mpiga tarumbeta mkongwe Roy Eldridge alisema kwamba alimsikiliza kwa kila namna, hata akapiga naye, na bado aliona ni mzaha. Miles Davis naye alimkejeli wazi. Charles Mingus alisimama katikati: alitilia shaka ujuzi wa Coleman wa mambo ya msingi, lakini alikiri kwamba muziki wake ulikuwa na upya uliofanya santuri nyingine zisikike zimechakaa.

Kurekodi

Kundi la kwanza, linalosikika katika spika ya kushoto, lilikuwa na Coleman mwenyewe kwenye saksofoni ya alto, Don Cherry kwenye tarumbeta ndogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye ngoma. Kundi la pili, la kulia, lilikuwa na Eric Dolphy kwenye klarineti ya besi, Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi na Ed Blackwell kwenye ngoma. Mtayarishaji alikuwa Nesuhi Ertegun.

Hawa hawakuwa watu wa aina moja. Cherry, Haden, Higgins na Blackwell walikwisha kupiga na Coleman mara nyingi. Hubbard alikuwa kijana wa miaka 22 aliyelelewa katika jazi ya kawaida ya wakati huo, na tofauti hiyo inasikika. Dolphy alirekodi albamu yake mwenyewe, Far Cry, siku hiyohiyo, katika mtindo ulio karibu zaidi na jazi iliyozoeleka. Jambo hilo latosha kuwajibu waliodai kwamba wapigaji hawa walikimbilia uhuru kwa kukosa ujuzi. LaFaro alikufa katika ajali ya gari mnamo Julai 1961, kabla albamu haijatoka.

Jalada lina dirisha dogo linaloonyesha sehemu ya White Light, mchoro wa Jackson Pollock wa mwaka 1954. Pollock alijulikana kwa kumwaga na kunyunyiza rangi juu ya turubai. Picha hiyo iliwaelekeza wanunuzi wengi kutarajia vurugu kabla hata hawajasikia noti moja.

Muundo

Kinyume cha sifa yake, kipande hiki kina mpangilio. Kinaanza kwa mlipuko mfupi wa wote wanane. Kisha kila mpigaji anapewa zamu ya kuongoza, na kabla ya zamu yake kundi zima linapiga kifungu kifupi cha pamoja, ambacho baadhi yake kimeandikwa. Wapuliza ala hutangulia, na zamu ya Coleman ndiyo ndefu kuliko zote, karibu dakika kumi. Kisha huja wapiga besi, na mwisho wapiga ngoma. Mapigo ya ngoma hayakatiki, na mtu anaweza kutikisa kichwa kwa kuyafuata karibu muda wote.

Uhuru wenyewe umo katika jinsi wengine wanavyoruhusiwa kuingia. Mmoja anapoongoza, wapuliza ala wenzake husikiliza, hudaka kifungu alichopiga, hukirudia, hukigeuza au hukipinga, kama watu barazani wanaodakia maneno ya msimulizi. Wapiga besi wawili wanasikika vizuri kwa wakati mmoja kwa sababu Haden hukaa zaidi chini na LaFaro hupanda juu.

Albamu ilitolewa katika aina mbili, ya spika moja na ya spika mbili. Katika ile ya spika moja makundi yote mawili yanasongamana mahali pamoja, na aliyeinunua hakusikia kitu kilekile alichosikia jirani yake mwenye mashine ya spika mbili. Isitoshe, santuri haikuweza kubeba dakika 37 upande mmoja, hivyo muziki ulikatwa katikati na msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza.

Mapokezi

Uhakiki wa DownBeat wa tarehe 18 Januari 1962 ndio unaotajwa zaidi. Pete Welding, aliyetoa nyota tano, aliona kwamba Coleman hakuvunja mila ya jazi bali alirudisha kitu kilichopotea tangu enzi za bendi kubwa, yaani kundi zima kubuni kwa pamoja papo hapo, kama walivyofanya wapigaji wa mwanzo wa New Orleans. John Tynan aliona kinyume kabisa. Kwake neno "pamoja" katika jina la albamu halikuwa na maana: umoja pekee aliouona ni kwamba watu wanane walikusanywa katika studio moja kwa saa ileile, kila mmoja akijisemea peke yake, wakiwa na lengo la kuubomoa muziki uliowazaa.

Wahakiki hawa wawili hawakubishana kuhusu kilichopigwa. Wote walisikia watu wanane wakipiga bila njia iliyopangwa. Walibishana kama wapigaji walikuwa wakisikilizana. Swali hilo linaweza kujibiwa kwa masikio, na hapo ndipo hoja ya Tynan ilipo dhaifu: anayemfuatilia Cherry wakati wa zamu ya Coleman atasikia majibu, tena ya haraka. Lakini hoja ya pili, kwamba dakika 37 za msongamano ni nyingi mno na baadhi ya vifungu vinazunguka bila kufika popote, haijafa, na wapo wapenzi wakubwa wa Coleman wanaoikubali. Wengi wao humshauri mgeni aanze na The Shape of Jazz to Come ya mwaka 1959, yenye nyimbo fupi na viitikio vinavyoshikika haraka. Ushauri huo ni mzuri.

Tynan ndiye pia aliyeandika katika jarida hilohilo, mnamo Novemba 1961, kwamba muziki wa John Coltrane na Eric Dolphy ulikuwa "kinyume cha jazi". Neno hilo lilienea na kuwaumiza wenyewe, kwani mapato yao yalitegemea wenye klabu na wanunuzi waliosoma majarida hayo. Mwezi Aprili 1962 jarida liliwapa Coltrane na Dolphy nafasi ya kujibu wahakiki. Mwaka uliofuata mwandishi LeRoi Jones, aliyejulikana baadaye kama Amiri Baraka, aligusa jambo ambalo wengi walilikwepa: wahakiki wengi wa jazi walikuwa Wazungu ilhali wabunifu wake wakuu walikuwa Weusi. Aliona kuwa wahakiki hao walihukumu noti bila kuyajua maisha na fikra zilizozizaa. Kuanzia hapo, kusema kwamba unaipenda au unaichukia santuri fulani ya jazi huru kulionekana na wengi kuwa ni kuchagua upande.

Neno "huru" lenyewe lilikuwa na uzito mwaka ule, ambapo nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru. Mnamo Novemba 1960, mwezi mmoja kabla ya kurekodiwa Free Jazz, mpiga piano Randy Weston alirekodi jijini New York albamu yenye jina la Kiswahili, Uhuru Afrika, ambamo shairi la Langston Hughes linasomwa pia kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika. Muziki wa Weston si jazi huru, kwani umepangwa kwa makini kwa ajili ya bendi kubwa. Hata hivyo albamu hizo mbili husaidiana kueleweka, kwa kuwa zinaonyesha jinsi neno moja lilivyoweza kumaanisha uhuru wa taifa na uhuru wa noti.

Coleman mwenyewe hakunufaika sana. Aliona kwamba analipwa kidogo kuliko anavyostahili, akadai malipo makubwa zaidi, na kazi zikapungua. Baada ya tamasha la Town Hall mnamo Desemba 1962 aliacha kupiga hadharani mpaka 1965, akitumia muda huo kujifunza tarumbeta na fidla. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa albamu yake Sound Grammar. Alifariki New York tarehe 11 Juni 2015.

Rekodi zilizofuata

Mfano wa makundi makubwa yanayobuni pamoja ulifuatwa na wengi. Unaojulikana zaidi ni Ascension ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 28 Juni 1965 na wanamuziki kumi na mmoja. Miongoni mwao alikuwemo tena Freddie Hubbard, na pia John Tchicai, mpiga saksofoni aliyezaliwa Copenhagen kwa baba Mkongo na mama Mdenmaki. Siku hiyo kipande kilipigwa mara mbili. Kampuni ya Impulse! ilitoa moja, kisha ikaibadilisha na nyingine chini ya namba ileile na jalada lilelile. Watu wawili waliweza kubishana usiku kucha kuhusu Ascension bila kujua kwamba kila mmoja alikuwa na muziki tofauti. Dawa ilikuwa kuitazama santuri karibu na kitovu chake, ambapo toleo la pili lilichongwa alama.

Huko Ulaya, Mjerumani Peter Brötzmann alirekodi Machine Gun mjini Bremen mnamo Mei 1968 akiwa na watu wanane, idadi ileile ya Coleman. Ni muziki mkali zaidi, na mtu aliyeona Free Jazz kuwa kelele akisikiliza Machine Gun anaweza kurudi kwa Coleman na kumwona mpole.

Matoleo

Siku ya kurekodi, wanamuziki walipiga kwanza jaribio la dakika 17 hivi. Jaribio hilo lilitolewa kwa jina la First Take katika albamu Twins ya mwaka 1971, na baadaye liliongezwa katika matoleo ya CD. Katika CD kipande kikuu hakikatwi tena katikati.